Kutoka sanduku la alumini hadi shangingi

Land Rover ya kwanza ilichorwa mchangani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947, katika ufukwe wa Red Wharf Bay, kisiwani Anglesey huko Wales, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alimchorea kaka yake Spencer gari la shambani. Maurice mwenyewe alikuwa akiendesha Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, nayo ilikuwa imechoka.

Umbo lile halikutafuta uzuri. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, chuma kiligawiwa kwa kipimo Uingereza, na Rover haikutaka gharama ya mashine kubwa za kukunja bodi. Alumini ilipatikana, basi bodi ikawa ya alumini, karibu kila upande umenyooka kama ubao. Hata rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam.

Anayeshangaa kwa nini watu wazima wanalililia sanduku hilo mpaka leo, aende akasimame gereji nusu saa. Madigadi imebonyea. Fundi anafungua bolti, anailaza juu ya gunia, anaigonga taratibu kwa upande wa ndani, anaigeuza, anaipapasa kwa kiganja, anagonga tena. Jioni gari linaondoka. Kioo cha mlango kikivunjika, fundi vioo anapima na kukata kingine, maana ni bapa, hakina tumbo. Umbo lenyewe lilimruhusu mtu mwenye nyundo, spana na subira kulirudisha gari barabarani, iwe Loliondo au Lodwar. Hiyo ndiyo maana ya uzuri wake, na mimi sioni haya kuutetea.

Sura hiyo haikukaa vilevile. Mwaka 1958 toleo la pili lilipewa bega lenye mviringo kidogo ubavuni, kwa sababu magurudumu yalikuwa yamesogezwa nje na bodi ililazimika kuyafunika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihama kutoka katikati, karibu na rejeta, zikaenda kwenye madigadi, kwa kuwa sheria za baadhi ya nchi zilitaka hivyo. Mwaka 1983 ikaja One Ten, yenye springi za koili na kioo cha mbele cha kipande kimoja. Jina la Defender lilifuata mwaka 1990. Wapo walionung'unika kila mara, lakini kila badiliko lilikuwa na kazi yake.

Kwa Toyota hadithi ni hiyohiyo, kisha ikagawanyika njia mbili. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania wengi tunaiita mkonga, ilianza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. Mwaka 2007 uso wake ulipanuka ghafla, na wengi walidhani ni fasheni. Sivyo. Ilikuwa imewekewa injini ya dizeli ya V8, na injini hiyo ilihitaji nafasi.

Njia ya pili ilikwenda mjini. Mwaka 1990 ulikuja mfululizo wa 80, kona zake zimelainishwa, rangi inang'aa, ndani kuna starehe. Baadaye mtaa ukayapa magari ya aina hiyo jina la shangingi, neno la mwanamke wa makamo anayependa makuu na kujipamba. Sijaona mchambuzi wa magari aliyesema vizuri kuliko hapo. Kwa neno moja watu walieleza kwamba gari la kazi limekuwa gari la kuonekana.

Tuwe wa haki, hata hivyo. Mviringo hupunguza upepo unaokwamisha gari, na mafuta yakapungua kuliwa. Boneti iliyolainishwa humpunguzia majeraha mtembea kwa miguu anayegongwa. Bodi inayokunjika kwa mpangilio humwokoa aliyeketi ndani, wakati lile sanduku la zamani lilikuwa katili kwa abiria. Defender ya zamani ilifikia kikomo tarehe 29 Januari 2016 huko Solihull, na sheria za usalama na za moshi zilichangia kuifikisha hapo.

Defender mpya ilizinduliwa Septemba 2019 Frankfurt, na ugomvi haujaisha. Wanaoikataa husema si Land Rover, ni gari la sebuleni. Naliona neno hilo kuwa la uonevu: ya zamani ilipita kwenye maji ya kina cha milimita 500, mpya inapita 900. Ninapokataa ni pale juu ya boneti. Zamani kulikuwa na mabati ya alumini yenye vinundu, mtu akisimama juu yake asiteleze. Siku hizi vinundu hivyo vimechongwa kwenye plastiki, viwe kumbukumbu. Hilo ni pambo linalojifanya kazi, na linawakosea heshima waliosimama pale kufunga mizigo.

Kona zimerudi tena sasa. Suzuki Jimny ilirudia sanduku mwaka 2018, na mwaka 2023 Toyota ikatoa Land Cruiser 250, ambayo kwa masoko mengi ndiyo Prado mpya, ikiwa na mabega ya mraba. Lakini kilichonifurahisha hapo ni bampa lake: limegawanywa vipande, ili kona ikigongwa ubadilishe kona tu. Mwaka huohuo mkonga nao ulirudishiwa taa za mviringo.

Kwa hiyo wewe unayejipanga kununua, usiishie kulisifia gari kwa mbali. Chuchumaa mbele ya bampa, gusa viungo vyake, kisha muulize muuzaji kama kona inauzwa peke yake au ni lazima ununue zima. Muulize na bei ya taa moja.