Namba ya Kifaa Kilichomo Mwilini

Baina ya mwaka 1979 na 1986, watu wapatao 86,000 duniani walitiwa moyoni valvu ya Björk-Shiley, iliyobuniwa na mpasuaji Viking Björk wa Sweden na mhandisi Donald Shiley wa Marekani. Na walipokwisha kurejea makwao wakitaraji umri mrefu, ikadhihirika kwamba kijiti cha chuma kinachoshika kisahani chake huweza kukatika ghafula, na wengi waliofikwa na hayo walifariki. Valvu ilipoondolewa sokoni, ilibaki kazi nzito kuliko zote, ya kuwatafuta wenye kuibeba vifuani, ilhali baadhi yao walikuwa wamehama miji na kubadili matabibu.

Msiba huo ulichangia sheria ya Marekani ya 1990 iliyowataka watengenezaji wafuatilie vifaa vya hatari. Sheria ya 2007 ikaamuru kila kifaa kiwe na namba ya pekee. Kanuni zake zikatoka 2013, na vifaa vya daraja la hatari kubwa vikaanza kulazimishwa kuwa nayo Septemba 2014. Ubani wa kutafuna ulikwisha kusomwa kwa alama ya mistari katika duka la Troy, Ohio, tangu Juni 1974! Miaka arobaini moyo wa binadamu ulisubiri hadhi iliyopewa ubani, na hiyo ni aibu.

Hata baada ya amri, namba iliishia kwenye kasha. Muuguzi katika chumba cha upasuaji alibandua kibandiko, akakibandika katika jalada la karatasi, na hapo habari ikazikwa. Kompyuta ya bohari haikujuana na ya matabibu, fomu za madai ya bima hazikuwa na nafasi ya namba hiyo, na wakuu wa hospitali waliona gharama pasipo pato. Hospitali za Mercy, zenye makao karibu na St. Louis, zilionyesha njia kwa stenti, yaani vijibomba vya kuzuia mishipa ya moyo isizibe: namba ilisomwa kwa mashine palepale mgonjwa alipotibiwa, ikaingia katika jalada lake, na bohari nayo ikajua kilichotumika. Kwa rai yangu, manufaa hayo ya mtunza bohari ndiyo yaliyoshinda ukaidi ambao amri peke yake haikuuweza.

Nawe msomaji, iwapo wewe au mzazi wako atatiwa nyonga ya chuma au kifaa cha moyo, usitoke hospitali kabla ya kupewa namba yake kwa maandishi, na uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.