Mbweni: Wasichana waliotolewa majahazini wakawa walimu

Kusini mwa mji wa Unguja, katika pwani ya Mbweni, zimesimama kuta za mawe ya matumbawe zisizo na paa. Matao ya madirisha yangali mazima, na mizizi ya miti imejipenyeza kwenye chokaa. Hapa palikuwa na Shule ya Mtakatifu Maria, makao ya wasichana waliokombolewa utumwani. Wageni wengi hupita kupiga picha na kuondoka. Ni haki yao wasimuliwe pia habari za mabinti waliolelewa humo, maana sehemu kubwa ya historia ya Kanisa la Anglikana Tanzania imepita mikononi mwao.

Chanzo cha shule hiyo ni mwaka 1857, David Livingstone alipohutubia Cambridge na kuwahimiza vijana wa vyuo vikuu waje Afrika. Ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, UMCA. Kundi la kwanza lilifika Magomero, karibu na mto Shire, mwaka 1861. Homa, njaa na vita vikawaandama, na Januari 1862 Askofu Charles Mackenzie akafariki dunia. Mwaka 1864 mrithi wake, William Tozer, akahamishia kazi Unguja.

Unguja ya wakati huo ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, na shule ikaanza na hao. Mwaka 1865 akaja dada yake askofu, Helen Tozer, kuwalea wasichana.

Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na kila yalipokamatwa walishushwa watoto. Kulikuwa na Wayao, Wanyasa na Wamakua, kila mmoja na lugha yake, wengi wakiwa hawajui wazazi wao wako wapi wala njia ya kurudi kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walijifunza kusoma kwa vitabu alivyoviandaa mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, vikachapwa katika kiwanda cha misheni hapohapo kisiwani.

Juni 5, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko likafungwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko hilo pale Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu linaloonekana hadi leo.

Mbweni ilikwisha kununuliwa na misheni mwaka 1871. Watu wazima waliokombolewa walipewa sehemu za kujenga na kulima, na wasichana wakawekewa shule yao. Mwaka 1877 alifika mwalimu Caroline Thackeray, jamaa wa mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Aliiongoza shule hiyo hadi mwaka 1902. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Msichana ambaye Caroline alimpokea akiwa mdogo aliweza kumletea wajukuu zake.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Wamisionari ndio walioamua nani aendelee na masomo hadi ualimu, na nani afundishwe kufua, kupika, kushona na kulima. Walitarajia pia mabinti waolewe na vijana wa Kiungani, chuo cha wavulana cha misheni hiyohiyo. Mtoto aliyeondolewa mikononi mwa bwana mmoja alijikuta chini ya ratiba na kanuni za watu wengine, hata kama nia yao ilikuwa njema.

Hata hivyo, mabinti hao walifanya mengi kuliko waliyopangiwa. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, akielekea Ziwa Nyasa. Wakakaa njiani, wakaanzisha kijiji cha Masasi. Baada ya hapo, walimu wa Kiungani walipopelekwa bara, wengi walikwenda na wake waliosomea Mbweni. Cecil Majaliwa, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadri Unguja mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Alipohudumu Chitangali, miongoni mwa Wayao, mkewe Lucy alikuwa naye. Katika vituo kama hivyo, mke wa mwalimu ndiye aliyeingia jikoni mwa akina mama na kuwafundisha wasichana kusoma. Majina ya waume yaliandikwa vitabuni, ya wake wengi yakasahaulika.

Siku hizi makanisa mengi, ya ng'ambo na ya kwetu, hutuma vikundi kwenda kuwahudumia wanawake na watoto maskini kwa wiki moja au mbili. Nguo, dawa na chakula wanachopeleka vinahitajika, na anayetoa kwa moyo safi apewe heshima yake. Lakini Mbweni inatufundisha kwamba kumtoa mtoto jahazini kulikuwa kazi ya siku moja, na kumlea hadi aweze kumfundisha mwingine kulichukua miaka mingi ya watu waliokubali kukaa. Kanisa linalotuma kikundi leo lijiulize kabla ya kukata tiketi: nani atabaki na watoto hawa kikundi kikishaondoka, na ni nani miongoni mwa akina mama wenyewe anayeandaliwa kuishika kazi? Bila majibu hayo, safari inayofuata itawakuta palepale.