Kiberenge

Kiberenge, wingi viberenge, ni gari dogo la reli linalobeba mafundi na zana zao wanapokagua njia. Vipo vilivyoundwa kiwandani, na vipo vilivyokuwa magari ya barabarani: yakavuliwa matairi, yakavishwa magurudumu ya chuma yenye ukingo, yakalinganishwa na upana wa reli. Njia ya reli iliyofika Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956, kufuata shaba ya mgodi wa Kilembe, ina upana wa mita moja. Treni zilikoma huko zamani, na neno hufifia kazi yake ikikoma. Walimu wa Kasese na Bwera, wafundisheni vijana neno hili. Atakayekarabati chombo hicho kesho anastahili kukiita kwa jina lake.