Wageni wa Geumgang: aliyelala, aliyepika na aliyebeba machela

Anayefuatilia maandishi kuhusu likizo za Wakorea hukutana mara kwa mara na dai moja: kwamba kulala nyumba ya wageni kwa ajili ya kutazama mandhari ni desturi iliyoingia nchini humo pamoja na reli za Wajapani, na kwamba kabla ya hapo Mkorea alisafiri kwa sababu ya msiba, mtihani au biashara tu. Shahidi anayeitwa kulithibitisha ni Hendrick Hamel, karani wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Meli yake, Sperwer, ilivunjika kisiwani Jeju mwezi Agosti 1653. Kati ya watu 64 waliokuwamo, 36 walifika ufukweni wakiwa hai. Hamel alishikiliwa nchini miaka 13 hadi alipotorokea Nagasaki mwaka 1666, na taarifa yake ilipochapishwa Uholanzi mwaka 1668, watu wa Ulaya walisoma humo kwamba Wakorea hawana nyumba za wageni.

Wanaomnukuu huishia hapo, naye hakuishia hapo. Anaeleza kwamba jua likizama, msafiri huingia kwenye ua wa nyumba yoyote isiyokuwa ya muungwana, humkabidhi mwenyeji mchele wake, na mwenyeji huupika na kuuleta pamoja na vitoweo. Anaongeza kwamba kwenye barabara kuu iendayo Seoul zipo nyumba maalumu za kupumzikia wasafiri. Kwa hiyo shahidi huyu hathibitishi hata kidogo kile anachoitwa kukithibitisha. Na hata angekithibitisha, alikuwa mateka. Sehemu kubwa ya miaka yake ilipita katika mkoa wa Jeolla, kusini-magharibi, akifanyishwa kazi. Hakuna aliyemkaribisha mlimani kutazama maporomoko ya maji.

Ushahidi wa kinyume umekuwapo muda wote. Mwaka 1122, zama za ufalme wa Goryeo, ilikamilika nyumba ya wasafiri iitwayo Hyeeumwon, katika eneo ambalo leo ni Paju, kaskazini mwa Seoul, kwenye njia iliyounganisha mji mkuu Gaegyeong na mji wa kusini. Kim Bu-sik, mwanahistoria mkubwa wa Goryeo, aliandika kumbukumbu ya ujenzi huo. Anasimulia kuwa njia ya mlimani ilikuwa imezibwa na miti, wanyama wakali na majambazi wamejificha humo, na wapitaji wakiuawa mwaka hadi mwaka. Mfalme akawapa watawa wa Kibudha kazi ya kujenga hekalu na nyumba ya kulala, wasafiri wakapewa chakula. Kwa karne nyingi mahali penyewe palibaki habari ya kitabuni. Mwaka 1999 vikaokotwa vigae vyenye jina hilo, wachimbaji wakaingia kazini, na misingi ikaonekana imepangwa ngazi kwa ngazi mlimani, pamoja na sehemu aliyofikia mfalme mwenyewe akiwa safarini. Inashangaza kwamba vitabu vya utalii vinamtaja Hamel kwenye kila ukurasa wa pili na Hyeeumwon havina habari nayo.

Nyumba za aina hiyo, zilizoitwa won, ziliendelea katika ufalme wa Joseon na zimeacha alama kwenye majina ya miji: Itaewon, Jochiwon, Sariwon. Baada ya vita vya uvamizi wa Japani vya 1592 hadi 1598 nyingi zilikufa. Nafasi yao ikachukuliwa na jumak, vilabu vya pombe vya njiani.

Jumak haikutoza malazi. Msafiri alilipia supu ya wali na bakuli la makgeolli, pombe nyeupe ya mchele, kisha akajilaza bure kwenye chumba kimoja na wengine wote, mchuuzi wa chumvi ubavuni mwa mtahiniwa anayekwenda Seoul. Aliyeiendesha, karibu kila mara, alikuwa mwanamke. Ya mwisho kufa ilikuwa Samgang, Yecheon, mahali mito mitatu inapokutana, kwenye kivuko kilichokuwa na watu wengi hadi madaraja yalipojengwa. Ilijengwa yapata mwaka 1900, na mama aliyeishika kwa miongo kadhaa alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa karibu miaka 90. Hakujua kuandika. Daftari lake la madeni lilikuwa ukuta wa udongo wa jikoni: mchoro mfupi wa wima kwa bakuli moja, mchoro mrefu kwa birika zima, na mteja akilipa, mstari wa kulala unapita katikati ya michoro yake. Jengo lilikarabatiwa na wageni wanapelekwa kuliona. Michoro bado iko ukutani, na baadhi haikukatwa hadi leo.

Lakini jumak ilikuwa ya safari ya lazima. Swali la starehe linajibiwa kwingine, kwenye milima ya Geumgang, pwani ya mashariki, ambayo sasa iko Korea Kaskazini. Jeong Cheol alipoteuliwa gavana wa Gangwon mwaka 1580, alizunguka huko na pwani yake, akatunga utenzi ambao watoto wa shule wa Korea Kusini husoma mpaka sasa. Jeong Seon alichora Geumgang mwaka 1711 na akarudia tena na tena hadi uzeeni. Mwaka 1788 Mfalme Jeongjo alimtuma Kim Hongdo akaichore, kwa kuwa mfalme mwenyewe hakuweza kwenda. Waungwana wasomi, yangban, waliacha taarifa za safari kwa wingi wa kuchosha: bonde lile lile, dimbwi lile lile, kikombe cha pombe, shairi, majina yao yakachongwa kwenye mwamba ili asiye na haja ya kuyajua ayajue.

Walilala wapi? Kwenye mahekalu: Jangansa, Pyohunsa, Yujeomsa. Joseon ilikuwa dola ya Kikonfusio iliyowaweka watawa wa Kibudha katika tabaka la chini, na waungwana walijua kuutumia udhaifu huo. Mtawa alipika, alisafisha chumba, alionyesha njia, na panapo mteremko mkali alimbeba mgeni kwa machela. Watawa wa hekalu moja walimfikisha mpakani, wa hekalu linalofuata wakampokea mabegani. Taarifa za waungwana hutaja machela kwa mstari mmoja, kisha hurudi kwenye ukungu na misonobari. Wanahistoria wanaozisifu kama kilele cha utamaduni wa kupenda maumbile wamesoma mashairi vizuri kuliko walivyosoma ule mstari mmoja.

Mtu ambaye safari yake inafaa kusimuliwa kuliko zote hizo alikuwa mwenye gesti.

Kim Man-deok alizaliwa Jeju mwaka 1739. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na mwanamke wa kundi la gisaeng, watumbuizaji wa serikali, na jina lake likaandikwa katika orodha yao. Alipokua alidai mbele ya maofisa arudishiwe hadhi ya mtu huru, akakubaliwa. Hakuolewa. Alifungua gaekju karibu na bandari ya Geonip, na hapa inafaa kueleza gaekju ilifanya nini, kwa sababu ndiyo iliyomtajirisha: ilikuwa nyumba ya kulala wafanyabiashara, ghala la mizigo yao na ofisi ya dalali, yote kwa pamoja. Mwenye jahazi alishusha mchele na chumvi kutoka bara, akalala na kula kwa Man-deok huku Man-deok akimtafutia wanunuzi, na aliporudi alipakia manyoya ya farasi, mwani na pembe za kulungu. Aliyewalaza wageni alijua bei za pande zote mbili za bahari kabla ya mtu mwingine yeyote kisiwani.

Miaka ya 1792 hadi 1795 njaa iliipiga Jeju mfululizo. Mwaka 1794 kimbunga kilifagia mazao, na baadhi ya meli za msaada zilizotumwa na serikali zikazama. Man-deok alitoa mali yake, akaagiza nafaka kutoka bara, akaigawa. Habari zilipofika Seoul, Mfalme Jeongjo aliagiza aulizwe anataka tuzo gani. Hakuomba ardhi wala cheo. Aliomba kuuona mji mkuu na kuiona milima ya Geumgang.

Ombi hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Tangu mwaka 1629 watu wa Jeju walikatazwa kuhama kisiwani, na kwa wanawake katazo lilishikiliwa kwa ukali zaidi. Isitoshe, mwanamke wa kawaida hakuweza kuingia ikulu. Serikali ilipata ujanja: ikamwandikisha kuwa mganga wa kike wa ikulu, cheo cha kumpitisha mlangoni. Alifika Seoul vuli ya 1796, akasubiri baridi kali ipite, na majira ya kuchipua ya 1797 akapanda Geumgang. Aliona maporomoko ya Manpokdong, aliona ziwa Samilpo, alisujudu kwenye mahekalu. Njiani nyumba za kulala ziliandaliwa kwa amri ya mfalme. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Chae Je-gong, mmoja wa mawaziri wakuu, aliandika wasifu wake, na wasomi wakubwa wa mjini, akiwamo Jeong Yak-yong, nao waliandika juu yake. Wengi walimsifu kwa ukarimu, na walikuwa na haki. Hata hivyo Chae ndiye aliyegusa penyewe alipomuuliza, wakati wa kuagana, ni wanaume wangapi duniani waliojaliwa kuona kilele cha Halla, mlima wa Jeju, na milima ya Geumgang pia. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwatandikia wasafiri alijua hasa anachokosa. Wanaosema safari ya mandhari ilikuwa jambo la waungwana pekee wanapaswa kueleza mtu wa tabaka lake aliipataje hiyo hamu. Wala hakuwa peke yake: mwaka 1830 msichana wa miaka 14, Kim Geumwon, alivaa mavazi ya kiume akaenda Geumgang, na baadaye akaandika kitabu cha safari zake.

Isabella Bird, msafiri Mwingereza, anastahili maneno machache. Alifika Korea mwaka 1894, na kitabu chake cha Korea na majirani zake kililalamikia nyumba za wageni kwa bidii: vyumba vidogo, wadudu, na sakafu ya moto kupita kiasi. Sakafu ya ondol hupashwa kwa moshi wa jiko upitao chini yake, na katika gesti za njiani jiko hilo lilichemsha chakula cha farasi pia, kwa hiyo farasi wengi walimaanisha sakafu ya kuunguza. Malalamiko ni ya kweli. Tatizo ni wanaoyageuza kuwa historia ya taifa. Bird huyo huyo alilala Jangansa akafurahia mandhari, na kitabu chake chenyewe kinaonyesha malazi ya watalii yaliyokuwa yakifanya kazi karne nyingi kabla hajazaliwa.

Yaliyofuata yanajulikana: hoteli ya Daebul ya Mjapani pale Incheon mwaka 1888, reli ya Seoul hadi Wonsan mwaka 1914, reli ya umeme iliyofika ndani ya Geumgang mwaka 1931. Reli iliongeza idadi ya watu, haikuanzisha hamu. Kisha vikaja vita vya Korea, Jangansa na Yujeomsa zikateketea, na mpaka ukakata njia. Kusini, yeogwan, yaani nyumba za wageni za mjini, zilijaa watu walionaswa na amri ya kutotembea usiku, iliyoondolewa Januari 1982. Kampuni ya Hyundai ilifungua safari za Geumgang mwaka 1998. Julai 2008 mtalii mwanamke kutoka Kusini alipigwa risasi na kuuawa na askari huko, na safari zikasimama.

Chuseok, sikukuu ya mavuno, ilikuwa ya kurudi kwa wazazi na kufyeka makaburi. Bado ni hivyo kwa wengi, ila mwaka 2017 mapumziko yalipofika siku 10, viwanja vya ndege vilifurika. Wanaobaki nchini hutafuta hanok, nyumba ya mbao na vigae, yenye ua na mlima mbele ya dirisha. Jirye, karibu na Andong, ni mfano mzuri: nyumba ya ukoo ilihamishiwa juu ya kilima miaka ya 1980 kuepuka maji ya bwawa la Imha, na sasa wageni hulala humo wakitazama maji yaliyofunika kijiji. Hapo hakuna udanganyifu, kwa maana nyumba kuu za koo ziliona kumpokea mgeni kuwa wajibu, sawa na tambiko la mababu.

Kinachokera ni kinachouzwa katika mtaa wa Bukchon, Seoul, na mjini Jeonju. Mgeni huambiwa atalala kama yangban. Sehemu kubwa ya hanok za Bukchon zilijengwa miaka ya 1920 na 1930 na wajenzi kama Jeong Se-gwon, aliyenunua viwanja vikubwa vya waungwana, akavikata vipande, akawauzia Wakorea wa kipato cha kati nyumba ndogo zenye vioo na mifereji ya bati. Ni historia nzuri, ya watu waliopata makazi mjini wakati mkoloni Mjapani akiupanua mtaa wake. Kwa nini ifichwe chini ya kofia ya muungwana wa kukodi?

Msomaji atakayejaliwa kufika Jeju asiishie ufukweni. Aende Geonip, upande wa bandari ya zamani, ambako gaekju ya Man-deok imejengwa upya na jumba la kumbukumbu yake lilifunguliwa mwaka 2015. Hapo atakuta historia ya nyumba ya wageni ikianza na mwenye nyumba, na ni sehemu chache sana nchini humo zinazofanya hivyo.