Mzuka, Machozi na Simba-Mtu

Katika miaka ya 2000, kibanda cha video hapa Singida mjini kilikuwa televisheni moja, mabenchi na jenereta nje. Tulioingia kwa ajili ya ngumi za Van Damme tukakutana na Shumileta ya Mussa Banzi, jini wa kike anayempenda binadamu. Akina mama nao wakaanza kuja.

Kilichowavuta, naamini, ni msiba. Filamu za mizuka za Bongo zilijua kuonyesha matanga: khanga zimefungwa viunoni, wanaume nje wananong'ona habari za mirathi, mjane katandikiwa mkeka na hakuna anayemtazama usoni. Hapo kibanda kizima kilinyamaza. Halafu mzuka anatokea kapakwa poda, kinanda kinapiga kelele, na majonzi yote yanageuka kisasi. Sehemu ya pili ikija, marehemu hakumbukwi tena. Anatafutwa mchawi tu.

Tena jini lile la Shumileta lilikuwa la pwani. Sisi tuna la kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wengi waliuawa vijijini Singida, ikasemekana wauaji ni simba-watu. Serikali ya kikoloni ikakamata watu, ikawashtaki kwa mauaji, wengine wakanyongwa. Wazee wa Kinyaturu walipoyasimulia mauaji hayo hawakupandisha sauti. Walianza na mtoto aliyetumwa kuchunga asirudi, ndipo wakamtaja simba. Sijaona filamu iliyofuata mpangilio huo.