Biashara ya Tiba katika Ukanda wa Shaba: Mfano wa Kolwezi

Aghalabu uwezo wa nchi kushindana katika biashara ya huduma za afya hupimwa kwa bei, ubora wa tiba na idadi ya wageni wanaokuja kutibiwa. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya huduma, ulioanza kutumika mwaka 1995, ulibainisha njia nne za biashara hiyo: huduma kuvuka mpaka, mgonjwa kuifuata huduma ugenini, mwekezaji kufungua hospitali katika nchi nyingine, na tabibu kwenda kufanya kazi nje. Kongo iliingia katika Shirika la Biashara Duniani mwezi Januari 1997. Hata hivyo, historia ya Kolwezi yadhihirisha kwamba njia hizo zilikuwa na nyayo za watu kabla ya kupewa majina.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo ilitegemea vibarua wa muda mfupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na vifo kambini vilikuwa vingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 sera ilibadilika: mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka 3 na kuhimizwa kuishi na mkewe. Ndipo zilipoongezeka zahanati, wodi za wazazi na kliniki za watoto. Mji wa Kolwezi, uliozaliwa mwaka 1937, ulikua katika utaratibu huo. Ifahamike kwamba tiba hiyo haikuwa sadaka wala bidhaa ya soko. Ilihesabiwa kuwa gharama ya kuchimba shaba, sawa na makaa na reli. Mitaji na madaktari vyote vilitoka Ulaya.

Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza mwaka 1960. Nchi ilipopata uhuru, takriban hapakuwa na Mkongo aliyehitimu udaktari, bali wasaidizi wa tabibu tu. Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka baadhi yao Ufaransa kukamilisha masomo. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, iliendelea kuwatibu wafanyakazi na jamaa zao. Kwa familia nyingi za Kolwezi, kazi ya baba ndiyo iliyokuwa ufunguo wa hospitali.

Ufunguo huo ulipotea hatua kwa hatua. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mwaka 1992 na 1993 wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakiwamo mafundi na wataalamu. Mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walianza kuachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Aliyepoteza kazi alipoteza pia tiba, naye akalazimika kulipa kabla ya kuonwa.

Wakati huohuo, wakuu walitafuta tiba mbali. Mwaka 1996 Mobutu alitibiwa Uswisi huku vita vikianza mashariki mwa nchi yake. Mwaka 2001 Laurent-Désiré Kabila alisafirishwa hadi Harare baada ya kupigwa risasi. Mwenye fedha wa ukanda wa shaba naye huelekea Zambia, Afrika Kusini au India. Hivyo shaba hutangulia kuvuka mpaka, na mgonjwa huifuata.

Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yatoka Lualaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 huwataka wachimbaji watenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Fedha hizo zaweza kujenga zahanati. Lakini zikijenga kuta pasipo wauguzi na dawa, kosa la zamani litarudi katika vazi jipya. Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Funzo la Kolwezi ni kwamba hospitali inayotegemea mgodi hufa na mgodi. Kabla nchi haijashindania wagonjwa wa wengine, haina budi kwanza iweze kuwatibu wa kwake.