Dau la kirafiki katika gofu: Michezo minne na hesabu zake

RAUNDI ya gofu ya mashimo 18 huchukua takriban saa nne, na mchezaji aliyeharibu mambo katika mashimo matano ya mwanzo aghalabu hukosa hamu ya yaliyosalia. Ndiyo maana marafiki wengi huwekeana dau dogo. Lengo huwa si kutajirika, bali kulipa kila shimo uzito wake.

Hata hivyo, dau lisilopatanwa vyema huweza kukua kimyakimya na kuzua uhasama baina ya watu waliofika uwanjani wakicheka. Ifuatayo ni michezo minne iliyoenea, pamoja na hesabu ambazo kila mchezaji anapaswa kuzifahamu kabla ya kupiga mpira wa kwanza.

Nassau

Mchezo huu ulipata jina lake kutoka kwa klabu ya Nassau iliyoko Glen Cove, jimbo la New York, Marekani, ambako ulianza kuchezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni madau matatu katika raundi moja: la mashimo tisa ya kwanza, la tisa ya mwisho na la mashimo yote 18. Anayeshinda mashimo mengi katika sehemu husika ndiye anayetwaa dau lake. Hivyo basi, aliyelemewa mapema hupata nafasi ya kuanza upya katika shimo la 10.

Kwa dau la Sh100, hasara haizidi Sh300. Tatizo huja pale wachezaji wanapokubaliana kwamba aliyeachwa nyuma kwa mashimo mawili aanzishe dau jipya la mashimo yaliyosalia katika sehemu hiyo. Iwapo atashindwa mashimo yote, kila sehemu ya mashimo tisa itazaa madau matano, na pamoja na lile la jumla yatakuwa 11. Sh300 zimegeuka Sh1,100.

Skins

Hapa kila shimo lina dau lake, na hutwaliwa na mchezaji aliyelimaliza kwa mapigo machache kuliko wenzake wote. Wawili wakitoshana katika nafasi ya kwanza, dau huhamia shimo linalofuata. Wachezaji wanne wakiweka Sh50 kwa kila shimo, kisha manne mfululizo yakakosa mshindi, shimo la tano hubeba madau matano. Mshindi wake hupokea Sh250 kutoka kwa kila mmoja wa wenzake watatu, yaani Sh750.

Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa mwaka 1983, wakati Arnold Palmer, Jack Nicklaus, Gary Player na Tom Watson walipochuana mbele ya kamera za televisheni huko Arizona. Player wa Afrika Kusini aliondoka na Dola 170,000.

Bingo Bango Bongo

Kila shimo hutoa alama tatu: ya kwanza kwa anayetangulia kufikisha mpira kwenye grini, ya pili kwa aliye karibu zaidi na bendera baada ya mipira yote kufika hapo, na ya tatu kwa anayetangulia kuutia mpira shimoni. Raundi nzima huwa na alama 54.

Mchezo huu humfaa mwanagenzi, kwani hahitaji kupiga mbali ili apate alama. Ila sharti utaratibu uzingatiwe: aliye mbali zaidi na shimo hupiga kwanza. Anayejitanguliza bila zamu yake huwapokonya wenzake haki.

Wolf

Huchezwa na watu wanne. Katika kila shimo mmoja wao, kwa zamu, huwa mbwa-mwitu. Yeye hutazama wenzake wakipiga mpira wa kwanza na kuteua mshirika, lakini lazima amteue mara tu baada ya pigo lake, kabla ya mwingine kupiga. Asiporidhika na yeyote, hupambana peke yake dhidi ya watatu kwa dau maradufu. Kwa kuwa 18 haigawanyiki kwa nne, wengi humwachia mwenye alama chache zaidi zamu ya mashimo mawili ya mwisho.

Mapatano kabla ya kuanza

La kwanza ni handikapu. Mwenye handikapu 16 anapokabiliana na mwenye 10, hupewa pigo moja la fidia katika kila moja ya mashimo sita yaliyoorodheshwa kuwa magumu zaidi kwenye kadi ya matokeo. Pasipo fidia hiyo, dau huwa kama zawadi kwa aliye hodari.

La pili ni kikomo. Ni busara kutaja mapema kiasi cha juu ambacho mtu anaweza kupoteza, na iwapo madau ya nyongeza yataruhusiwa.

La tatu ni hadhi ya mchezaji wa ridhaa. R&A na USGA, zinazosimamia kanuni za gofu duniani, hazipingi dau lisilo rasmi baina ya wanaofahamiana, mradi kila mmoja ashiriki kwa hiari, fedha zitoke kwa wachezaji wenyewe na lengo kuu liwe burudani.

Mwisho ni malipo, ambayo hufanywa siku hiyo hiyo kabla ya watu kutawanyika. Ahadi ni deni, na deni la Sh200 limewahi kuvunja urafiki wa miaka mingi. Naye asiyetaka kuweka dau aachwe acheze raundi yake kwa amani.